Mkono wa Sharifo Mbele ya Kamera

Video yenyewe ni fupi. Unaweza kuitazama yote chai ikiwa bado haijachemka, na hivyo ndivyo Diff nzima, mji wetu wa mpakani, ilivyoitazama, simu ikipita mkono kwa mkono, huyu amesimama, yule anatafuna anjera. Inamwonyesha mwanamke ameketi mbele ya mikebe ya rangi. Anaulizwa kama Guleid ni mwanawe, anasema ndiyo. Anaambiwa ashike Msahafu aape, anauondoa mkono wake mezani na kuuficha chini ya jilbabu. Basi. Mtu asiyemjua Sharifo akiiona atasema huyu mama anaongopa, na mtu asiyemjua simlaumu. Wanaomjua ndio nina neno nao.

Mimi naitwa Ramlo. Nauza maziwa ya ngamia kando ya njia inayotoka visimani, na Sharifo hukaa kulia kwangu tangu enzi ambazo hapa kwetu hapakuwa na mnara wa simu. Nilikulia Garissa, baba yangu akiwa mpishi wa polisi, ndiyo maana Kiswahili hakinisumbui kama kinavyowasumbua wenzangu. Mdomo wangu pia haunisumbui. Watakwambia hilo hata kabla hujauliza.

Sharifo ni mtu wa namna nyingine. Alfajiri anaosha madumu yake, anayafukiza kwa makaa ya mgunga mpaka ndani yanukie moshi, kisha anasubiri wachungaji walete maziwa. Hatii maji. Wote tunasema hatutii maji, lakini yeye hatii kweli. Mteja akija mchana, amechomwa na jua, anataka maziwa ya asubuhi, Sharifo atamwambia, "Haya ni ya jana, yameanza kuchacha," na mteja anasogea kwangu. Nimeuza maziwa mengi kwa sababu ya ukweli wa Sharifo. Nilikuwa nikimtania, "Wewe utakufa maskini, na kaburini utamsahihisha malaika." Anacheka, anafunika mdomo. Kisha anasema, "Niache, Ramlo. Uongo nilishausema mmoja, na bado unanidai."

Uongo huo si siri. Nusu ya watu wa hapa waliusema pamoja naye.

Ni mwaka ule wa ukame, elfu mbili na kumi na moja. Ngamia walikufa wamesimama. Mume wa Sharifo alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla, na chakula cha serikali kilikuwa kikija leo, mwezi ujao hakiji. Hagadera, kambini, wakimbizi walipewa unga, mafuta na maharagwe. Ukiwa Mkenya hupewi. Kwa hiyo watu wa Diff walipanda malori kwenda Hagadera na kusema wametoka ng'ambo, Somalia. Ni jambo rahisi. Ng'ambo yenyewe unaiona kutoka kwetu, lugha ni moja, majina ni mamoja. Sharifo alisema ametoka Afmadow. Wakamwandika, wakamwandika na Guleid, mtoto wa miaka tisa, wakavibonyeza vidole vyake vyote juu ya kioo kinachotoa mwanga wa kijani. Guleid alifurahia ile mashine. Mvua iliponyesha wakarudi nyumbani, wakasahau.

Mashine haikusahau. Guleid alipotimiza umri wa kitambulisho, alivaa shati jeupe akaenda kupigwa alama za vidole. Jibu likarudi: kijana huyu ni mkimbizi, vidole vyake viko Hagadera. Akaenda tena, akaenda na chifu, akaenda na wazee. Jibu ni lile lile. Na hapa kwetu kijana asiye na kitambulisho hana laini ya simu yenye jina lake, hana kazi, hawezi kupita kizuizi chochote kati ya Diff na Garissa. Guleid alijaribu kuvumilia. Mwishowe alijilaza kati ya mbuzi juu ya lori na kwenda Nairobi, akapata kazi Eastleigh ya kubeba marobota ya nguo. Kila mwezi alimpigia mama yake kwa simu ya mtu mwingine.

Sharifo hakuwahi kusema mbele ya watu kwamba kosa ni lake. Kwangu mimi alilisema, tena na tena, huku akisugua dumu. "Nilimuuza mtoto kwa unga, Ramlo. Nilisema neno la uongo, nikala, nikashiba." Nilimjibu kwamba asingesema neno hilo angemzika mtoto. Hakubishana nami, ila hakunikubalia pia.

Masika ya mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, polisi walifanya msako Eastleigh. Guleid alikamatwa akiwa na robota mabegani. Akafikishwa kortini kwa kosa la kuwa nchini bila kibali.

Habari alituletea Mustafe, wakili kijana wa shirika moja linalowatetea watu kama hao. Alipiga simu kwa Abdinoor, shemeji yake Sharifo, ndugu wa marehemu mume wake, mwenye duka la mabati na rangi. Abdinoor akaja kutuita sokoni, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu. Mustafe alisema kesi si mbaya. Korti inataka jambo moja: mama mzazi aape kwamba kijana amezaliwa Diff, upande wa Kenya, na kwamba kule Hagadera aliandikishwa kwa sababu ya njaa. Kiapo hicho kiwe mbele ya hakimu kabla ya Jumatano. Kisipokuwepo, Guleid anarudishwa Somalia.

"Anarudishwa vipi mahali ambapo hajawahi kukaa?" nikauliza.

"Habaryar, ndivyo amri inavyoandikwa," akasema Mustafe. Habaryar ni mama mdogo, na ndivyo vijana wetu wanavyotuita rafiki za mama zao.

Sasa utauliza kwa nini Sharifo hakwenda kuapa kwa wakili wa Wajir au wa Garissa. Mwaka ule mvua ililipiza miaka yote iliyokosa kunyesha. Barabara zililala chini ya maji, malori yalizama tope mpaka kwenye milango, na madereva walikuwa wakipika chini ya maturubai wakingoja jua. Chifu anaweza kukupigia muhuri barua. Kukuapisha hawezi.

Hapo ndipo Mustafe akatuambia habari za sheria mpya. Alisema siku hizi mtu anaweza kula kiapo akiwa popote, kwa video, mbele ya kamishna wa viapo aliyekaa ofisini kwake Nairobi. Kamishna anamwona, anamuuliza, anatia sahihi na muhuri huko huko, na karatasi inafika kortini siku hiyo hiyo. Wakili wa kesi haruhusiwi kumwapisha mtu wake mwenyewe, kwa hiyo amemtafuta mwingine. Masharti ni haya: uso uonekane, awepo shahidi mmoja mwenye kitambulisho wa kumtambulisha, mlango ufungwe, wengine watoke, na kila kitu kirekodiwe, rekodi iwekwe.

"Sheria imefika Diff kabla ya lami," nikasema. Watu walicheka. Sharifo naye alicheka, na nilifurahi kumwona akicheka. Alikuwa hajala tangu jana yake.

Sote tulidhani shahidi ni mimi. Mimi namjua, mimi nina Kiswahili, mimi nina kitambulisho. Lakini Abdinoor alisema jambo la familia haliwekwi mikononi mwa jirani, tena duka ni lake na intaneti ni yake. Akamleta na Maalim Aweys, mwalimu wa duksi aliyewafundisha watoto wetu wote Kurani, ili abebe Msahafu kwa heshima inayostahili. Kamishna alikubali shahidi mmoja na mwenye kitabu mmoja. Mimi nikaambiwa ningoje nje. Nilikaa juu ya rundo la mabati Jumatatu ile, jenereta ikinguruma karibu na sikio langu, nisisikie hata neno moja. Nilichokuja kukijua nimekijua kwenye ile video.

Video inaanza na paji la uso la Abdinoor, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiegemeza simu kwenye mkebe wa rangi. Anaondoka, na Sharifo anaonekana. Amejifunga vizuri, uso wazi, macho yake hajui ayaweke wapi. Sauti ya kamishna ni ya mtu mzima, ya upole, ya mtu aliye na wengine wanaomngoja.

"Mama, jina lako?"

"Sharifo."

"Unamfahamu Guleid?"

"Wallahi huyo ni mtoto yangu. Mimi nasaa yeye hapa Diff." Sharifo akizungumza Kiswahili huwa anaogopa kila neno, na z humgeukia s, lakini hilo alilisema bila kuogopa.

"Vizuri. Sasa, wewe ni Mwislamu. Inua Msahafu kwa mkono wa kulia, uuonyeshe kwenye kamera, halafu nitakusomea kiapo, nawe utafuatisha."

Mkono wa Maalim unaingia kwenye picha, umebeba Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani. Anausukuma mezani taratibu. Na hapo mkono wa Sharifo, uliokuwa pale mezani, unaondoka na kuingia chini ya jilbabu.

"Mama?"

"Siwesi."

"Huwezi nini?"

"Kushika siwesi. Mimi nasema wallahi tu. Wallahi, billahi, ni mtoto yangu."

Unamsikia Abdinoor kwa Kisomali, kwa ukali: "Shika! Unatuaibisha." Unamsikia Maalim akisema kwamba kiapo bila Kitabu mkononi si kiapo kamili, na kwamba kama hana udhu maji yapo uani. Sharifo anajibu polepole, akitazama meza, "Maalim, udhu hautanifaa."

Namshangaa Maalim yule mpaka leo. Mlango huo wa dini amewafundisha watoto wetu miaka na mikaka, nani aguse na nani asiguse, na mwanamke anamwambia kwa kinywa chake kwamba udhu hautamfaa, haelewi. Amekunja uso tu kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Kamishna anauliza, "Mama, unakataa kuapa?"

"Sikatai. Jumamosi mimi nawesa."

"Jumamosi? Kwa nini Jumamosi? Leo si kweli, Jumamosi itakuwa kweli?"

Ukiitazama video mara nyingi kama mimi, utaona midomo ya Sharifo inafunguka, macho yanamwendea Abdinoor, yanamwendea Maalim, yanarudi mezani, na midomo inafunga. Kamishna anangoja. Kisha anasema, "Haya, nitaandika nilichokiona," na picha inakatika.

Sharifo alitoka akiwa na jasho. Abdinoor alikuwa nyuma yake anafoka, eti ndugu yake alioa mwanamke wa namna gani. Na mimi, nisiyejua lolote, nilimfokea pia. Nilimuuliza kama amepata wazimu. Alikwenda sokoni, akaketi mahali pake, akaanza kusugua dumu ambalo lilikuwa safi.

Aliniambia jioni, wenzetu walipoondoka. "Ramlo, nimo kwenye siku zangu."

Sina haja ya kueleza sana. Katika madhehebu yetu mwanamke mwenye hedhi hagusi Msahafu, si kwa mkono, si kwa kitambaa. Kila msichana wa hapa analijua hilo kabla hajajua kupika. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni yeye, kwa hiyo nikamwambia maneno.

"Ungeushika! Mungu anajua hali yako, anajua mtoto yuko jela!"

"Nilisema uongo mara moja, mtoto akashiba," akasema. "Angalia alipo. Sasa niape kwa ajili yake huku nimemkosea Mwenyezi Mungu kwa mkono huo huo? Kiapo hicho kitamsaidiaje?"

"Basi ungesema. Ungesema waziwazi, mimi ni mwanamke, nimo kwenye hedhi, leteni njia nyingine."

"Mbele ya Abdinoor? Mbele ya Maalim? Na ile mashine inarekodi?"

"Ningekuwa mimi ningesema."

"Wewe ungesema," akakubali. Hakuwa ananicheka.

Nilimwambia nitampigia Mustafe mwenyewe, nimweleze. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Alisema nikilitamka neno hilo kwa mwanaume yeyote, awe wakili, awe hakimu, hatakaa tena kulia kwangu. Nikaapa kwamba sitalitamka. Ndiyo, mimi niliapa, tena bila kushika chochote.

Jumanne Mustafe akapiga. Alikuwa amemwomba kamishna kikao kingine siku hiyo. Sharifo akasema leo hawezi, Jumamosi.

"Mama, uamuzi ni kesho. Kuna nini? Kuna mtu anakutisha?"

"Nilikuwa mgonjwa," akasema Sharifo. "Bado ni mgonjwa."

Mustafe ni kijana mwerevu, amesoma, lakini hajaoa na dada hana. Akaandika kwamba mama ni mgonjwa. Jumatano upande wa mashtaka ukauliza cheti cha hospitali kiko wapi. Hakipo. Wakaomba rekodi ichezwe. Hakimu akaitazama kwenye kompyuta, na karani akaigeuza ile kompyuta ili mshtakiwa naye aone, kwa sababu ndiyo haki yake. Guleid alisimama kizimbani akamtazama mama yake anaulizwa kama yeye ni mwanawe, akatazama mkono unavyoondoka. Hakimu akatoa amri arudishwe Somalia.

Jumamosi Sharifo alioga, akavaa nguo zake za Idi, akaja dukani kwa Abdinoor kabla duka halijafunguliwa. Safari hii hata mimi niliruhusiwa, maana Abdinoor alisema hataki tena kuonekana kwenye mambo yake. Mtandao ulikuwa mzuri. Kamishna alikuwa yule yule. Sharifo aliushika Msahafu kwa mikono miwili, akauinua mpaka karibu na uso, akaapa kila neno, sauti haitetemeki. Muhuri ukapigwa Nairobi. Baada ya hapo nilimuuliza Mustafe kwenye simu, kama mtu anayeuliza tu, je, sheria inamlazimisha kila mtu kushika kitabu?

"Hapana," akasema. "Mtu anaweza kuthibitisha kwa maneno yake tu. Uthibitisho huo una uzito ule ule wa kiapo."

"Mbona hamkumwambia?"

"Hakuna aliyesema kwamba tatizo ni kitabu, habaryar. Tulidhani tatizo ni kiapo."

Sharifo alikuwa amesimama karibu nami. Alisikia. Aliufunga Msahafu kwenye kitambaa chake cha kijani na kuurudisha kwa Maalim, akashukuru.

Kiapo cha Jumamosi hakikuokoa mtu. Mustafe aliomba amri iangaliwe upya, na mwendesha mashtaka akasimama na video mbili, moja huku na moja huku. Jumatatu mama anakataa, akasema, Jumamosi mama anakubali. Ni nani alikuwa akimfundisha katikati? Ombi likatupwa. Guleid alisafirishwa na wenzake mpaka Liboi, akavushwa. Sasa yuko Dhobley, upande wa Somalia, anabeba magunia kwa mtu wa kabila letu, hana karatasi ya huku wala ya kule. Msituni, kati ya Dhobley na sisi, wako wanaume wenye bunduki wanaokusanya vijana. Hawezi kuja, na Sharifo hawezi kwenda.

Abdinoor alitumiwa ile video ya kwanza na Mustafe, ili familia ijue kilichoharibu kesi. Akaipeleka kwa watu ili wajue kosa si lake. Ndipo Diff nzima ikaitazama. Na hili ndilo linalonikereketa kooni: kila mwanamke aliyeitazama alijua. Alipofika pale pa "udhu hautanifaa" alijua, na alipofika pa "Jumamosi" hakuwa na shaka tena. Niliwaona wakijua. Sirad muuza chai alishika kifua chake. Binti yangu aliinamisha kichwa. Kisha wote wakarudisha simu kwa wenyewe na kuendelea na kazi. Labda wapo waliowanong'onezea waume zao chumbani. Lakini mume gani atasimama barazani azungumzie siku za mjane wa mtu mwingine? Wanaume wakaendelea kusema Sharifo alimkana mwanawe, au Guleid hakuwa wake tangu mwanzo, alimwokota Hagadera. Wanawake wakaendelea kununua maziwa kwake, zaidi ya mwanzo, bila kusema kitu. Hasira yangu kwao ilikuwa kubwa. Niliwaita waoga, mmoja mmoja, kimoyomoyo.

Wiki iliyopita, asubuhi, biashara ikiwa imepoa, simu ya Sharifo ililia. Namba ilikuwa ya Dhobley. Akaweka sauti ya juu, kwa sababu sikio lake la kulia halisikii vizuri siku hizi.

"Hooyo," akasema Guleid, yaani mama. Sauti yake imekuwa nzito. Akamsalimu, akaulizia ngamia, akaulizia mvua. Kisha akashusha sauti, nami nilijua kinakuja kitu.

"Hooyo, nataka kukuuliza, na usikasirike. Watu hapa wananiambia maneno. Mimi niliona kortini kwa macho yangu. Ulitoa mkono. Kwa nini ulitoa mkono?"

Sharifo alifungua mdomo. Nilimwona vilevile anavyoonekana kwenye video, midomo inafunguka, macho yanatafuta mahali pa kukaa. Hakukuwa na Abdinoor pale, wala Maalim. Alikuwepo mwanawe tu, mtu mzima sasa, na mama hamwambii mwanawe wa kiume neno kama hilo. Akaitazama simu. Kisha akanitazama mimi, akaninyooshea simu juu ya madumu.

"Wewe una mdomo, Ramlo," akasema. "Nakufungulia kile kiapo. Mwambie."

Nikaipokea. Nilikuwa nimelingoja neno hilo mwaka mzima. Nilikuwa nimelipanga kichwani, maneno mawili matatu, ya wazi, bila kuzunguka, namna ambayo wanawake wote wa Diff wangepaswa kusema.

"Guleid."

"Naam, habaryar."

Nilimkumbuka amevaa shati jeupe siku ile ya kitambulisho. Nilisikia anavyopumua, anangoja. Uso wangu ulipata moto, mimi mwanamke mzee ambaye mambo hayo yalikwisha kwangu kitambo.

"Mama yako alikuwa mgonjwa siku ile," nikasema.

Nyuma yake mtu alikuwa akiita wabebaji.

"Hata kortini walisema hivyo, habaryar," akasema Guleid, na akakata simu.

Nilimrudishia Sharifo simu yake. Aliifuta kioo kwa ncha ya jilbabu, akaiweka chini ya mkeka. Mteja alikuwa amesimama mbele yetu anauliza kama maziwa ni ya leo, na Sharifo akamwambia hapana, ni ya jana.